Mawe Mawili Chini ya Maji

Kwako babake Athumani,

Salamu nazituma ingawa sijui zikufikie upande gani. Mwandiko wangu waujua, ulikuwa ukiucheka, wasema herufi zangu zatembea kama kaa. Nisomee hivyo hivyo.

Vita vimekwisha. Mji umewasha taa zake tena, hata kule bandarini. Athumani, uliyemwacha tumboni, sasa akimbia vichochoro vyote vya Kibokoni akimwita kila mwanamume "baba". Muuza kahawa amemzoea, humwitikia.

Wakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenye mawe ya nje, nyuma ya Ngome? Ulikuwa na fimbo, na nchani umefunga pweza mzima, ajinyonganyonga. Nikakuuliza wampeleka wapi. Ukasema, "Kamba mawe hamwogopi mtu, mke wangu. Nikitia mkono shimoni atanikwaruza tu. Lakini akimwona huyu, adui yake, atatoka mwenyewe." Ukanifundisha na sheria yenu wazamiaji: mtu akiwa chini haitwi kwa jina, kwa kuwa jina likitajwa juu ya maji huenda likasikiwa na asiye mwenyewe. Nikikutaka, nitie mikono majini nigonge mawe mawili, mara mbili. Nawe ungejibu mara moja, unyamaze, kisha mara mbili. Maana yake: nipo, ningoje.

Nikainamisha uso majini nikawaona kamba wakitoka. Walitoka kinyumenyume, mmoja mmoja, macho yao bado yamelikazia lile shimo. Siku hiyo nilicheka. Sasa nikiwakumbuka sicheki.

Jioni mama yako aliwachoma juu ya makaa, akawamiminia tui zito lenye ndimu na pilipili. Alipowekewa wake akamtazama, akasema, "Huyu ni kamba au ni askari jela wa Ngome? Mbona masharubu yake yamshinda marehemu babako!" Ulicheka hadi wali ukakupalia. Ukanimenyea mkia, nyama nyeupe, tamu, ukaniwekea upande wangu wa sinia. Wewe ukashika miguu, wainyonya mmoja mmoja kama mtoto na muwa.

Siku ya mwisho bahari ilikuwa imetulia mno. Fimbo yako iliibuka peke yake. Pweza alikuwa bado hai, ameikumbatia, amegeuka mweupe. Nikagonga mara mbili. Ukajibu. Nikangoja. Nikagonga tena, ukajibu tena. Ndipo mwenzako Kombo akazamia kukutafuta. Alipoibuka, alikwea mwambani kwa haraka.

"Shimo tupu, shemeji. Hakuna kamba, hakuna mtu."

"Lakini ajibu! Husikii?"

"Nimesikia. Mawe yalilia mgongoni pangu. Nilipogeuka, yakalia mgongoni tena."

Maji yakajaa. Watu waliniinua kwa makwapa wakanirudisha nyumbani, na vidoleni bado nahisi: moja, kimya, mbili.

Mama yako, nimpe haki yake, hajanisema vibaya hata mara moja. Lakini amechoka. Wiki hii aliniketisha ukumbini akanishika mkono.

"Mwanangu, nikubalie nimwite maalim Ijumaa, mumeo asomewe khitma. Aliye chini asiposomewa hana pa kupumzika."

"Na akiwa hajafa, mama?"

"Wewe mwana wewe! Mtu akaa chini ya maji miaka?"

Nilichokiona mimi moyoni ni maalim akilitaja jina lako kwa sauti, lako na la babako, na watu wakiitikia amina. Jina ambalo hata katika barua hii sijaliandika. Nikamwambia anipe mpaka Alhamisi.

Alhamisi ni leo. Na jana Kombo, ambaye tangu siku ile hazamii tena, huvua kwa mshipi tu, alikuja na kamba mawe kikapuni. Alisema hakuwatafuta. Maji yalipotoka aliwakuta juu ya mwamba, mahali petu pale pale, wametoka wenyewe, nyuso zote zimeelekea shimoni.

Tuliwapika vile vile, kwa tui na ndimu. Athumani hakuwahi kuwala. Aliingia kwa mikono miwili, tui likamfika masikioni, na mama yako akacheka kicheko ambacho sikukisikia siku nyingi. Nikaona nyumba imerudi kuwa nyumba.

Kisha mtoto akatulia. Akaegesha sikio kwenye sakafu, kama asikilizaye mtu chini. Akachukua gamba la kamba akaligonga kwenye sinia. Mara moja. Akanyamaza. Kisha mara mbili.

Tonge la Kombo likabaki njiani. "Shemeji, nani amemfundisha?"

"Hakuna."

"Athumani, wafanya nini?" mama yako akamuuliza.

"Nimeitwa," akasema, akarudi kula.

Babake Athumani, mimi tumaini sijalitupa. Leo asubuhi nimemwambia mama yako maalim asiitwe, na amelia, nami nimelia naye. Lakini mtoto amekujibu nipo, ningoje, na hajui alichokuahidi. Mimi najua. Ahadi hiyo naivunja kwa mkono wangu huu. Athumani haji huko. Tangu jana simruhusu hata kwenda nami kuteka maji, na mlango wa kuelekea pwani nimeutia komeo.

Maji yakitoka kesho nitakwenda peke yangu, nikae juu ya mwamba wetu, nigonge mara mbili. Usinijibu kwa mawe. Nimejibiwa vya kutosha. Toka. Toka hata kinyumenyume kama wale kamba, hata ukiwa bado wakitazama kilichomo humo ndani. Mgongo wako naujua, sitaogopa. Wali utakuwa jikoni, na mkia nitakumenyea mimi.

Ila kama si wewe ugongaye, basi mwache mwanangu.

Mkeo angojaye,
Mamake Athumani