Panya Wangu Hawakugoma

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mke wangu, ambaye ndiye binadamu pekee anayeijua habari hii, alicheka mpaka akaketi sakafuni, halafu alipomaliza kucheka akanuna, na mpaka leo sijajua kati ya hayo mawili nishike lipi.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu, mwaka wa kumi na tisa huu, na kazi yangu ni kutunza panya weupe wa utafiti, ambao kwa jana walikuwa arobaini na sita. Nawapa chakula na maji, nawabadilishia maranda ya kulalia, nawapima uzito, na kila ninachofanya nakiandika kwenye kadi inayoning'inia mbele ya kizimba, tarehe na sahihi. Wahadhiri huja, wakachungulia, wakaandika makala, wakapanda vyeo, mimi nikabaki na panya. Sisemi kwa wivu, nasema ilivyo. Mishahara yetu haijasogea miaka saba, na tulipopeleka madai tukajibiwa kwa maandishi kwamba kazi za mafundi, wakutubi na makarani "zinaweza kufanywa na mtu yeyote kwa maelekezo mafupi". Maneno hayo yalinichoma kuliko mshahara wenyewe. Basi tukagoma, wote, mpaka wahadhiri, na hii ni wiki ya tatu tuko nje ya lango kuu na mabango yetu.

Tatizo langu lilianza kwenye mkutano wa kwanza kabisa. Mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi, mhadhiri wa hesabu, alisema kuanzia sasa hakuna mtu kugusa hata kitasa, akauliza kama kuna mwenye neno, na hapo ndipo nilipotakiwa kuinua mkono niseme jamani, mle ndani kuna viumbe hai, lakini ukumbi ulikuwa umepamba moto, watu wanapiga meza, na mimi Mungu alinijalia sauti kubwa tangu utotoni, nikasimama nikapaza, "Hata panya wangu wanagoma!" Shangazi, walishangilia. Nikabebwa mabegani, nikakabidhiwa kipaza sauti, nikafanywa kiongozi wa nyimbo, na yote hayo yalitokea kabla ya saa nne asubuhi.

Kesho yake panya hawakuwa wamegoma. Walikuwa wanataka maji.

Nilijiambia uongozi utamtuma mtu, si wamesema mtu yeyote anaweza, nikakaa langoni naimba huku jicho liko kwenye dirisha la maabara, na sikuona hata kivuli. Saa sita mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nikamwendea Mkutubi. Huyu ni mama anayetunza maktaba yetu, mtu wa maneno machache, anayeweza kunyamazisha wanafunzi mia mbili kwa kuinua nyusi tu, na tangu niajiriwe tunakunywa chai ya chupa moja mimi na yeye. Mlango wa nyuma wa maktaba yake unatokea kwenye ujia wa maabara, na ufunguo anao yeye peke yake. Nikamwambia nimesahau mwavuli ndani. Akaangalia juu, hakukuwa na wingu hata moja, akanipa ufunguo. "Chukua," akasema, "mvua haibishi hodi."

Nilikuta chupa zimekauka kabisa, nao waliposikia kikohozi changu walikimbilia kwenye waya wote kwa pamoja, na sioni haya kukuambia kwamba machozi yalinilenga. Nikawapa maji, nikawalisha, nikabadilisha maranda, na kwa kuwa mkono umezoea, nikaandika kwenye kadi tarehe na kipimo, nikatia sahihi. Ufunguo sikuurudisha, na tangu siku hiyo nimekwenda kila mchana, hata Jumapili. Chakula chao kilipoisha nikaanza kuchukua karoti za nyumbani, mke wangu akazikuta kwenye mfuko wa koti, akazipanga mezani moja moja, akaniuliza, "Wanaume wenzako wakiwa na mchepuko huficha marashi. Huyo wako anakula karoti?" Ndipo ikabidi nimweleze, ndipo akacheka, ndipo akanuna.

Jumatatu wiki hii uongozi wa chuo ukabandika tangazo langoni: "Shughuli za maabara zinaendelea kama kawaida. Wanyama wa utafiti wako salama na wana afya njema." Nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho, maana ni kweli wana afya njema, kisha nikaelewa nilichosoma. Mwenyekiti alikuwa ameshaelewa kabla yangu. "Kama wako hai, kuna anayewalisha," akasema. "Kama kuna anayewalisha, tuna msaliti. Kwa hiyo atafutwe." Kisha akauliza nani anaijua maabara vizuri, na watu wote wakanigeukia mimi.

Nimepewa daftari, Shangazi. Mimi ndiye mpelelezi wa kamati ya mgomo. Ukurasa wa kwanza niliandika, "Mhusika anaonekana ni mtu anayeijua maabara na ana huruma na wanyama," nikausoma mbele yao, nikapigiwa makofi kwa uchambuzi.

Jumanne yakaonekana maranda kwenye zulia la mlango wa nyuma wa maktaba. Ni yangu. Kila siku nilikuwa najipangusa viatu pale, kwa adabu tu, nisichafue maktaba ya watu. Mkutubi akaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti akamwuliza ufunguo ni wa nani, akajibu ni wake. Akamwuliza amempa nani. Mkutubi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Maktaba haitoi majina ya waazimaji," akasema, akakaa.

Hakuniangalia hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Tangu hapo hakuna anayekaa karibu naye. Anakaa peke yake juu ya tofali pale langoni, bango miguuni, kitabu mkononi. Jana Jumatano alimimina chai vikombe viwili kama kawaida yetu, akanyoosha kimoja upande wangu, Mwenyekiti akawa anatazama, nikasema leo nina kiungulia. Akasema, "Pole." Akakirudisha kikombe chini taratibu. Halafu watu wakautaka ule wimbo wa msaliti ambao niliutunga mwenyewe wiki ya kwanza kuchangamsha lango, na mimi, nimesimama hatua kumi kutoka kwake, nikauimba kwa kipaza sauti:

Mwenye miguu miwili, mbona unao mkia?
Wenzako tuko langoni, wewe umeshaingia!

Mkutano mkuu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi ndiye nitakayesoma ripoti ya uchunguzi, na baada ya ripoti watapiga kura ya kumfukuza Mkutubi chamani. Nikisema ukweli, msaliti ni mimi, tena niliyejitungia wimbo. Nikinyamaza, anaondoka yeye kwa aibu isiyo yake. Nikiacha kwenda, panya watakufa. Nimefikiria kuandika kwamba mhusika hakupatikana, mambo yaishe kimyakimya, ila mke wangu amesema nikifanya hivyo nihamie kwa panya jumla. Wewe gazeti lako hutoka Jumatano, kwa hiyo jibu lako litanikuta zimebaki siku mbili. Maji yamenifika shingoni. Nifanye nini?

Wako,
Mpelelezi Ninayejitafuta


SHANGAZI ANAJIBU

Mpelelezi, uliniomba nisikucheke kabla ya mwisho. Nilicheka mpaka kwenye karoti. Nilipofika kwenye kiungulia nikaacha.

Nianze na lisilokuwa kosa lako, maana naona umelibeba bure. Kumpa kiumbe maji si usaliti. Waliogoma ni ninyi, wenye akili, wenye madai na wenye mabango, panya hawakupiga kura. Na wangekufa, mwanangu, uongozi wenu ungetundika picha zao pale langoni, halafu tuone ungetunga wimbo gani. Moyo wako ulikwenda panapostahili. Kilichokuponza ni mdomo: ulipotakiwa kusema ulipiga kelele, na unapotakiwa kusema sasa umeshikwa na kiungulia. Mficha uchi hazai. Ungeinua mkono siku ile ya kwanza, kamati ingekupa ruhusa, ukaingia kwa lango kuu kichwa juu. Ila ulipenda kubebwa mabegani, ukaona haya kuteremka.

Sasa sikia ambalo hujaliona, na mimi nisiye fundi nimeliona. Tangazo lile wameandika wao, lakini wino ni wako. Wamesema mambo yanakwenda kama kawaida, tena bila ninyi, kwa sababu wewe ulikuwa unaifanya kazi yako kwa kujificha. Umefanya bure, kwa siri, kazi ileile wanayosema haina thamani, nao wakajisifia. Hapo ndipo ulipowaumiza wenzako, na hilo utawaomba radhi.

Lakini zile kadi! Mtu mzima unaingia kwa kuiba halafu unatia sahihi kila siku! Niliposoma hapo nilishika kichwa, kisha nikapiga kofi. Mwanangu, hizo kadi ndizo mtaji wenu. Kila kizimba kina tarehe, kipimo na sahihi moja tu, yako. Je, kuna sahihi ya huyo "mtu yeyote kwa maelekezo mafupi"? Wiki tatu nzima uongozi haukumtuma mtu hata kuchungulia, na wamebandika tangazo kuhusu chumba ambacho hawajakikanyaga. Mwenyekiti wenu ni mtu wa hesabu, mpe kadi hizo uone atakavyofurahi.

Ila hayo ni ya Ijumaa, na kuna la leo. Usisome ripoti kabla hujakwenda kwa Mkutubi. Nenda leo hii, mchana, saa ileile uliyozoea kutoroka, pale kwenye tofali, mbele ya watu wote. Mrudishie ufunguo wake mkononi mwake, usimtume mtu. Mwambie, "Mama, mwavuli haukuwepo, na ulijua." Kisha kaa chini umwombe kikombe cha chai ukinywe mpaka tone la mwisho, hata kama kiungulia ni cha kweli safari hii. Unaposoma haya mama huyo amenyamaza siku nane kwa ajili yako. Wewe siku hizohizo umekuwa ukiimba. Sitaongeza neno hapo, nataka likuume lenyewe.

Mkimaliza chai, mwendee Mwenyekiti jioni hiyohiyo. Usimpelekee mshangao mkutanoni, viongozi hawapendi kushangazwa mbele ya watu. Mwambie yote, la karoti pia. Atakasirika, mwache akasirike, wewe kaa hapohapo. Akitulia, muombe kamati itoe ruhusa ya maandishi kwamba viumbe hai watahudumiwa na mafundi wawili kila mchana, wakiingia kwa lango kuu, vitambaa vya chama vikiwa mkononi, na kila siku chama chenyewe kibandike tangazo lake chini ya lile la uongozi: panya wote wako salama kwa kazi ya fundi, na jina la kazi liandikwe. Wasomaji wakipita pale watajua nani anafanya nini katika chuo hicho.

Ijumaa utasimama wewe kwanza, kabla ya ajenda yoyote. Ile ripoti ya "mhusika hakupatikana" ichane, kwa sababu huo ndio ungekuwa usaliti wenyewe, wala mkeo hajakosea kusema uhamie kwa panya. Fungua daftari, soma ukurasa wa kwanza uliopigiwa makofi, halafu sema, "Mtu huyo ni mimi. Mkutubi sikumwambia nilichokwenda kufanya, naye alinifichia jina nisilostahili kufichiwa." Mafupi hivyo. Usilie, usijitetee, usiimbe. Watakucheka, na pengine watakuita panya mpaka utakapostaafu. Mkuki kwa nguruwe, bwana, na huo mkuki umeuchonga wewe. Wakikutoa kwenye kamati, toka kwa adabu. Mtu aliyepangusa viatu kwenye zulia la maktaba wakati anavunja mgomo hawezi kukosa adabu ya kukubali adhabu.

Karoti za nyumbani zirudishe leo, na umnunulie mkeo kitu kisichokuwa karoti.

Halafu kuna kile kipaza sauti. Ukishamaliza kusema Ijumaa, usikirudishe mezani, wala usimpe Mwenyekiti. Vuka ukumbi mpaka alipokaa Mkutubi umkabidhi yeye. Miaka yote amewanyamazisha watu, na siku nane hizi amenyamaza yeye kwa ajili ya mtu. Akiinua nyusi, ketini wote, msikilize.

Shangazi