Mgongo Wangu na Jua la Asubuhi

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimeenda! Mimi, mama wa miaka arobaini na tisa, leo nimelala sakafuni kwa stoo ya ushirika wa maziwa pamoja na wanawake kumi na wawili, miguu juu kama mende aliyepuliziwa dawa. Yoga! Hata kuliandika hilo neno nacheka.

Nyakerario ndiye amenivuta. Huyu jirani ni Mkisii wa upande wa Chepilat, aliolewa hapa Boito, na mdomo wake haujui likizo. Ati siku hizi nikitembea naonekana kama natafuta sindano iliyopotea. Nikamwambia ni chai. Miaka ishirini na saba kikapu mgongoni, mtu atakosaje kupinda?

Mwalimu anaitwa Christabel Aluoch. Mjaluo, msichana mrefu, sauti ya upole. Kazi yake ni kunyoosha viungo vya watu kwa kliniki moja huko Sotik. Anasema wagonjwa wake wa mgongo karibu wote wanatoka kwa chai, kwa hivyo ameona afadhali atufuate huku kabla hatujabebwa kwake. Kwanza ametuombea. Hapo moyo ukatulia. Halafu akasema tupumue. Nikafikiri, si nimekuwa nikipumua tangu nizaliwe? Kumbe wapi! Nilikuwa navuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayeonja uji moto.

Kuna zoezi la paka na ng'ombe. Unasimama kwa mikono na magoti, unainua mgongo kama paka aliyeona mbwa, halafu unaushusha kama ng'ombe mzee. Ng'ombe nimeiweza mara moja. Paka bado. Nilivaa suruali ya michezo ya binti yangu Chepyegon ndani ya sketi, nikashukuru Mungu hakuna mwanaume aliyechungulia.

Mwalimu ametaka tuandike kila siku mgongo umeamkaje. Basi nitaandika huku nyuma ya daftari la mahubiri. Lakini hataona. Hapa nitaandika pia lile sijamwambia mtu.

Tangu mwaka juzi siwezi kupiga magoti. Mimi, kiongozi wa akina mama kanisani! Wenzangu wakipiga magoti, mimi naegemeza kichwa kwa benchi, najifanya nimezama sana kwa maombi. Wananisifu ati naomba kwa uzito. Uzito gani! Nikishuka siinuki; hata leo kwa paka na ng'ombe Nyakerario ndiye ameniinua. Leo karatasi ya kujiandikisha imeuliza, unataka nini? Wengine wameandika kupunguza tumbo. Mimi nimeandika: kupiga magoti.

Jumapili, 4 Mei

Mwili wote unauma. Hata kope. Nimekaa benchi la mbele kama ubao. Nyakerario ananitazama kutoka kwaya na kushika kiuno chake akinicheka. Katikati ya mahubiri!

Jumanne, 6 Mei

Mvua imekubali, chai inaota ni kama inakimbizwa. Tumechuma mpaka saa tisa. Mgongo: kama kawaida, moto hapa chini upande wa kushoto.

Jioni nimefanya paka na ng'ombe juu ya kitanda. Kipkosgei ameingia na tochi ya kutafuta soksi. Akasimama. "Mama Chepyegon, hiyo ni nini umepoteza?" Nikamwambia nimepoteza mgongo, nautafuta. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Amekaa kwa kiti akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza kama inaweza kumsaidia ng'ombe wetu yule wa madoadoa.

Jumamosi, 10 Mei

Klasi ya pili. Nimegusa magoti yangu kwa kichwa—hapana, naongeza chumvi. Nimeyaona kwa karibu.

Leo tumefundishwa ile inaitwa salamu kwa jua. Unasimama wima, viganja pamoja, mikono juu kabisa, halafu unainama mpaka chini, unarudisha mguu mmoja, halafu mwingine, unashuka, unapanda. Ni kama kuchuma chai na kuomba na kufua kwa wakati mmoja. Jasho! Christabel amesema ni nzuri sana asubuhi jua likitoka, kabla ya kubeba chochote. Nitaanza Jumatatu. Nyumbani hakuna nafasi, nitatandika leso nje kwa nyasi.

Nimerudi nikiimba. Kipkosgei ameuliza kama nimelewa.

Jumatano, 14 Mei

NIMEPIGA MAGOTI!

Ngoja niandike pole pole.

Ni siku ya tatu nafanya ile salamu. Saa kumi na mbili na nusu natandika leso mbele ya nyumba, natazama mashariki kule jua linatokea juu ya miti ya mipaka, naanza. Leo nimefanya mara sita. Mara ya mwisho nikishuka, magoti yamegusa leso, yakakaa. Nikangoja ule moto. Haukuja. Nikasema, Bwana, kwa vile niko hapa, basi tuongee. Nikaomba! Kwa magoti! Kipkosgei, watoto, mvua, wagonjwa wa kanisa mmoja mmoja kwa majina. Halafu nikainuka. Peke yangu, bila kushika kitu!

Nilipogeuka, Kogo alikuwa mlangoni pa jikoni yake. Mama mkwe wangu huyu ana miaka themanini na nne, na alibatizwa kabla sijazaliwa. Macho yalikuwa na machozi. Akaniambia kwa Kipsigis, pole pole, kwamba mama yake alikuwa anasimama hivyo hivyo. Asubuhi, mbele ya nyumba, uso kwa jua. Anatema mate kidogo, anainua mikono, anamwomba Asis alinde watoto na ng'ombe. Asis, yule Mungu wa wazee wa zamani, anayeng'aa na jua. Kogo hajawahi kutaja hayo mambo kwa nyumba hii hata siku moja.

Nikamwambia, Kogo, mimi naomba Yesu, hii ni ya mgongo tu. Akasema, "Najua, mtoto wangu. Nimekumbuka mama tu." Akarudi kwa moto wake.

Nimefurahi mpaka chai imenishinda kunywa. Nimepiga magoti!

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimeshusha kikapu kwa kituo cha kupimia chai, watu wakanyamaza. Foleni nzima! Nikafikiri kuna msiba. Nikauliza, nani amekufa? Mmoja akakohoa.

Nyakerario amenifuata njiani mbio mbio, kikapu kinaruka mgongoni. "Wewe! Ati umerudi kwa Asis!" Mzee Kipkorir, mzee wa kanisa letu, hupitisha maziwa hapa kwetu kila asubuhi. Jumatatu ameniona. Jumanne ameniona. Jana amesimamisha baiskeli kabisa. Uso kwa jua, mikono juu, nainama mpaka chini, naangukia magoti. Ameambia watu amehesabu: mara sita! Ati kiongozi wa akina mama anaabudu jua mchana peupe. Nyakerario akaongeza kwamba mwingine amesikia natafuta mbuzi mweupe wa sadaka.

Tumecheka mpaka tukashikana. Halafu yeye akaacha kucheka. Akasema, "Lakini dada, Mzee Kipkorir hatanii."

Mgongo: mzuri. Moyo ndio umepinda.

Ijumaa, 16 Mei

Mchungaji Johana amekuja saa nane. Nimempikia chai ya maziwa, ameiacha nusu. Huyu ni mtu mwema, alizika baba yangu kwa mvua bila mwavuli. Ndiyo maana imeuma zaidi.

"Mama Chepyegon, ni kweli unafanya haya mambo nje?"

"Ni kweli, Mchungaji. Ni mazoezi ya mgongo."

"Na unatazama mashariki?"

"Ndiyo."

"Na jina lake ni nini?"

Ningeweza kusema naruka kamba. Lakini ulimi ulikataa uongo. "Inaitwa salamu kwa jua," nikasema. Wueh! Hata mimi nilisikia vile inasikika. Kogo alikuwa anachambua mboga kwa kona, kisu kikasimama.

Mchungaji ameeleza kwa sauti ya chini. Jumapili baada ya ibada nionane na wazee. Njia ni mbili. Nisimame mbele ya kanisa nikiri nilimsahau Mungu, niache klasi, yaishe. Au niwekwe nidhamu miezi sita: benchi la nyuma, hakuna Meza ya Bwana, uongozi wa akina mama apewe mwingine. Miaka kumi na moja nimewaongoza hawa wanawake. Nawajua mpaka ndoto zao.

Nimemwambia, Mchungaji, nikikiri hivyo nitakuwa nimesema uongo madhabahuni. Akasema nifunge na kuomba.

Alipoondoka nimempigia Christabel. Nikamuuliza, hiyo salamu lazima mtu atazame jua? Akacheka, maskini, mpaka akakohoa. "Mama, tazama hata choo! Nilisema jua likitoka, nilimaanisha saa, si upande. Mwenyewe nafanya nikitazama kabati." Ndiyo hivyo. Hakuna aliyeniambia mashariki. Ni mimi nimejigeuza mwenyewe, kama vile miguu ilijua njia ya zamani! Hilo nimelifikiria mpaka saa hii. Linaniogopesha kidogo, na linanifurahisha kidogo. Bwana anisamehe hilo la pili.

Kipkosgei amesikiliza yote. Nikamuuliza, wewe unasemaje? Amekuna kidevu. "Jana umeinama ukachukua kijiko chini bila kuniita. Mimi nimeona hicho." Akaenda kukama.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeamka nimegeuza leso. Uso kwa zizi. Ng'ombe wa madoadoa amenitazama kama nimechanganyikiwa. Kwa kila kuinama nimesema Baba Yetu, kipande kwa kipande, na kinaingia sawa kabisa na pumzi, ni kama vilishonwa pamoja! Mzee Kipkorir amepita na mkebe wake. Nikampungia mkono. Hakujibu, lakini baiskeli ilienda pole.

Klasi nimeenda. Nilisema sitaenda, miguu ikaenda. Wanawake watatu hawakuja, wote wa kanisa letu. Nyakerario alikuja. Akasema akiwekwa nidhamu tutakaa pamoja benchi la nyuma, ati huko kuna upepo mzuri.

Leo nimeweza paka.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwa benchi nje ya ofisi ya kanisa. Wako ndani wananiamua. Mkono usipoandika utang'oa vifungo vya sweta.

Wazee wanne na Mchungaji. Mzee Kipkorir amesoma mambo aliyoyaona kwa karatasi: siku, saa, mara ngapi. Haki hajaongeza kitu. Kila kitu ni kweli, ndiyo ubaya wake. Mchungaji akaniuliza kama niko tayari kukiri.

Nilikuwa nimepanga kusema maneno mazuri. Yote yakatoroka. Nikajikuta nasema lile sijawahi kumwambia mtu, kwamba miaka miwili nimewadanganya, kichwa kwa benchi, magoti hayafiki chini. "Hilo ndilo naweza kukiri," nikasema. "Hilo jingine siwezi. Kama ni ibada ya jua, hebu tazameni wenyewe."

Nikatoa leso kwa mfuko. Nikaitandika hapo kwa simiti kati ya meza na kabati la vitabu vya nyimbo. Mzee mmoja akasema ai, ai, mama! Nikasema nina suruali ndani, Mzee, usiogope. Sikujua mashariki iko wapi na sikuuliza. Nikawaambia kwanza lazima mtu apumue, nikapumua. Nikainua mikono. Baba yetu. Nikashuka. Uliye mbinguni. Mfupa mmoja ukalia, wote wakasikia. Nilipofika mwisho nikapiga magoti na nikakaa hapo, nikaomba kwa sauti, nikaombea kila mmoja wao kwa jina. Mzee Kipkorir nimemwombea wa kwanza.

Nilipoinuka, Mzee Kipkorir, uso bado umekunjwa, akauliza karatasi yake, si mimi: "Na hii yako ni ya mgongo peke yake, ama hata nyonga?"

Mchungaji akakohoa. Akaniambia ningoje nje.

Ni karibu saa nzima sasa. Nyakerario ananiletea ndizi kupitia uani kama mfungwa. Akina mama wengine wamejifanya wanafagia kanisa. Kanisa limefagiwa mara tatu.

Ndani walikuwa wanabishana. Nimesikia "Asis", nimesikia "vijana watasema nini", nimesikia "lakini amepiga magoti, mlimwona". Halafu kiti kimeburutwa. Mtu amesema "inavuta hapa, hapa." Mwingine amesema "pumua, Mzee, alisema mtu apumue." Kishindo! Mtu amecheka, wamemnyamazisha.

Mlango umefunguka kidogo. Mchungaji ametoa kichwa, tai imehamia begani, hanitazami machoni.

"Mama Chepyegon, bado hatujaamua."

"Sawa, Mchungaji."

"Lakini hebu ingia. Uje na hiyo leso."