Mashine Mbili za Gerezani

Jumatatu, 8 Mei 1972

Leo nimepewa kazi ya ajabu. Ndugu Benjamini, mkuu wetu wa ugavi, kaniita ofisini kwake, kisha akafunga mlango. Nikajua nimekwisha — ile barua niliyoikosea wiki jana. Kumbe sivyo! Kasema nende mtaa wa Gerezani, kwenye maghala, nikachague mashine ya kukatia majani. Ya nyumba ya Meneja Mkuu, kule Sea View. Si ya kusukuma. Ya kukalia.

Ya kukalia! Mtu kakaa, mashine inakwenda, majani yanakatika. Nikauliza inakalika vipi, inakula mafuta kiasi gani, ikikutana na mti inafanyaje. Ndugu Benjamini kasema ndiyo maana ananituma mimi, maana kwa maswali sichoki.

Kibali cha kuinunua kimetoka baada ya mwaka na nusu, na mwisho wa mwezi kinakufa. Mashine za namna hiyo ziko mbili tu mji mzima, zote ghala moja. Niandike ripoti: ichukuliwe ipi, na kwa nini. Miaka mitatu nachapa ripoti za wenzangu. Hii ni yangu!

Jumanne, 9 Mei

Nimemsimulia mama. Sikupaswa.

Mama yangu, Bi. Mboni, kazaliwa hapa hapa Kariakoo, na uani kwake haliruhusiwi kuota hata jani moja. Kila asubuhi anafagia mchanga mpaka inabaki mistari ya ufagio, na ole wako uikanyage kabla halijapanda jua. Kacheka mpaka kashika mlango. Kasema majani mlangoni ni alama ya mahame, ni makao ya nyoka. "Wanayaacha yaote, wanayanywesha maji, kisha wananunua gari la kuyakata! Si wayang'oe?"

Kwa kweli ni swali zuri. Nililiandika kwenye daftari la kazi, halafu nikalifuta.

Jumatano, 10 Mei

Gerezani. Matope ya masika bado, viatu vyangu vimeharibika. Mwenye ghala, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, kaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikampa barua ya shirika. Kaisoma mara mbili ndipo akafungua kufuli.

Ya kwanza nyekundu. Ina usukani, gia tatu, kiti cha chuma chenye springi. Kisu kiko tumboni, kinazunguka kama feni. Inakata upana wa inchi thelathini.

Ya pili kijani, na hii ni kioja. Injini iko mbele. Visu vimejipinda vinaviringika. Usukani haina — ina mikono miwili mirefu kama ya mkokoteni, na kiti kinakokotwa nyuma juu ya rola. Mwendeshaji anaonekana kama anaburuzwa na ng'ombe. Inchi ishirini na nne tu.

Nimezikalia zote mbili! Nilijifunga khanga juu ya sketi nikapanda, na mwenye ghala kwa adabu kageukia ukutani. Ile nyekundu — nikashika usukani, kushoto, kulia. Sijawahi kushika usukani wa kitu chochote maishani mwangu. Nilikaa hapo kuliko kazi ilivyotaka.

Mpaka sasa: nyekundu. Hata hakuna mjadala.

Alhamisi, 11 Mei

Leo Sea View, kuyaona hayo majani yenyewe. Ni mengi! Uwanja mzima, umeteremka mpaka ukuta wa barabarani. Nilihesabu hatua mpaka nikapotea hesabu, nikaanza upya.

Mkata majani ndiye aliyenitembeza. Mzee Ignasi, mtu wa Masasi, mwembamba, fyekeo begani. Shikamoo Mzee. Marahaba mwanangu. Mwaka wa tisa yupo pale. Mameneja wawili wamekuja wakaondoka, huyu wa tatu ana mwaka wa nne. Anakaa na mkewe Clotilda kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba. Chumba kinakwenda na kazi.

Nimemuuliza mpaka nikamwonea huruma. Majani haya yanaitwaje? Masika yanakatwa mara ngapi? Kwa nini pale ni ya njano? Kanijibu yote kwa utulivu. Huku chini usipite baada ya mvua, ardhi inameza. Pale kuna jiwe linajificha, limeshakula mafyekeo matatu. Yeye kaniuliza swali moja tu: mashine ina silinda ngapi? Nikamwambia moja. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kufyeka.

Bibi Clotilda kanipa ndizi chana zima niende nazo.

Ijumaa, 12 Mei

Hamis, dereva wa ofisi, kaniletea chai mezani. Hajawahi! Nikajua kuna neno.

Kasema: "Dada Zamda, chagua nyekundu, utakuwa umenifufua." Nikauliza yeye inamhusu nini. Kumbe Idara ya Usafirishaji wana kanuni: chombo chochote cha shirika chenye usukani kiendeshwe na dereva mwenye leseni. Nyekundu ikija, Hamis ndiye atakayehamishiwa Sea View. Na chumba cha uani atapewa yeye.

Na Mzee Ignasi?

Hamis kaangalia kikombe. Kasema, nadhani atapewa barua ya kuachishwa.

Sikunywa ile chai. Lakini Hamis naye analala sebuleni kwa kaka yake Ilala, mkewe ana mimba ya miezi saba, nao wanatenganishwa na wengine kwa pazia. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Jumapili, 14 Mei

Siku mbili sina raha. Mama kaniuliza nani kafa.

Mzee Ignasi akitolewa pale atakwenda wapi? Miaka tisa! Halafu mimi ndiye nitakayekuwa nimemtoa, kwa ripoti yangu ya kwanza.

Saa tano asubuhi, nachambua mchele — nikaruka. Kanuni inasema chombo CHENYE USUKANI. Ile kijani haina usukani! Ina mikono. Kwa kanuni yao wenyewe si gari, ni jembe lenye injini. Haihitaji dereva. Mzee Ignasi ataikalia, na chumba chake kinabaki chake.

Mchele nusu umemwagika. Sijali.

Ni kweli kijani ni dhaifu. Nyembamba, nzito, huko chini kwenye majimaji sijui itapitaje. Lakini inakata majani, na kazi ni kukata majani. Kuhusu Hamis, nitamtafutia chumba huku Kariakoo. Mama anajua kila nyumba yenye mpangaji anayehama.

Jumatatu, 15 Mei

Nimemaliza. Kurasa mbili na nusu, na mchoro wa uwanja. Sentensi ninayoipenda kuliko zote: "Kwa kuwa mkata majani aliyepo hana ujuzi wa kuendesha chombo chenye usukani, mashine ya kijani, isiyo na usukani, ndiyo inayomfaa." Nimeipiga taipu bila kufuta hata herufi moja.

Ndugu Benjamini kasoma, katia saini, kagonga muhuri. Kasema hajaona karani aliyepima mteremko kwa hatua. Lakini Meneja Mkuu ataidhinisha baada ya majaribio tu. Mashine zote mbili zitapelekwa Sea View Jumamosi.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, nafurahi mwenyewe njiani kama mwehu.

Jumamosi, 20 Mei

Lazima niandike leo leo.

Meneja Mkuu yuko safari, Dodoma. Tulikuwa Ndugu Benjamini, mkuu wa Usafirishaji, Hamis, Mzee Ignasi, na mimi na daftari langu. Jana usiku ilinyesha.

Ikaanza kijani. Mzee Ignasi kakaa, kashika mikono yote miwili, ikaenda. Vizuri kabisa — huku juu! Kufika kwenye mteremko rola ikaanza kuteleza, na chini ikazama. Mzee akashuka, tukaisukuma watu wanne. Ikaenda hatua kumi, ikazama tena. Mkuu wa Usafirishaji kaniangalia. Mimi nikaangalia daftari.

Ikaja nyekundu, na Hamis juu yake. Hamis ni dereva wa Landrova, na Landrova ndiyo aliyoiendesha. Gia kubwa, kona ya ghafla, kisu kimeshushwa mpaka udongoni. Kaacha vipara viwili ungedhani wamenyoa kichwa cha mtoto. Halafu injini ikazima pale pale chini. Akavuta kamba. Akavuta tena. Shati likalowa.

Mzee Ignasi alikuwa amesimama pembeni. Kaenda polepole, kasema, "Samahani, mwanangu, umeinywesha mafuta mengi." Kaifungua plagi, kaifuta kwa upindo wa shati lake, kairudisha. Kafungua choki. Kamba mara moja — ikawaka! Kainua kisu kidogo. Kakaa.

Akaenda. Gia ya kwanza, mgongo umenyooka. Mstari mmoja mpaka ukutani, kageuka, wa pili pembeni yake. Ile sehemu inayomeza kaizunguka. Lile jiwe kaliinulia kisu bila hata kuliangalia. Bibi Clotilda alikuwa mlangoni kwake na mwiko mkononi, anatabasamu kama mtu aliyekwishaiona hiyo zamani.

Ndugu Benjamini kamuuliza kajifunza wapi. Kasema Nachingwea, wakati ule wa mashamba ya karanga. Miaka mitatu kwenye trekta, tena zile kubwa za minyororo. Karanga zilipokufa na kazi ikafa, akahangaika na vibarua miaka kumi na kitu, ndipo akaja Dar es Salaam, akakuta wanatafuta mtu wa fyekeo.

Nikamuuliza: Mzee, mbona hukuniambia? Kasema bila ubaya wowote, "Uliniuliza habari za majani, mwanangu. Nikakujibu habari za majani."

Nilitaka ardhi ile inimeze mimi. Nimeuliza habari za jiwe! Nimeuliza habari za majani ya njano! Yeye mwenyewe nilimwangalia nikaona fyekeo, nikakaa nikaandika hana ujuzi.

Jumatatu, 22 Mei

Wakuu wameamua, Meneja Mkuu akirudi ataidhinisha tu. Nyekundu. Sawa, nyekundu ni nzuri, kila mtu kaiona. Mwendeshaji: Hamis.

Nikamwambia Ndugu Benjamini, si ulimwona Mzee mwenyewe Jumamosi? Kasema nilimwona, lakini faili halikumwona. Usafirishaji wameshikilia ripoti. Kaifungua mbele yangu, kaweka kidole kwenye ile sentensi yangu. Hana ujuzi. Ina saini, ina muhuri. "Ndugu Zamda, hawa wanakusoma wewe. Nikiwaambia vinginevyo, wataniuliza karani wangu alidanganya lini, siku ile au leo."

Kutoka hapo nikakuta kwenye trei yangu barua ya kuchapa. Ya kumwachisha kazi Mzee Ignasi, kuanzia mwisho wa mwezi, na chumba akirudishe. Niichape mimi!

Sikuichapa. Nimeifungia kwenye droo, ufunguo ninao hapa. Najua hiyo si dawa. Kesho watauliza.

Jumanne, 23 Mei

Nimekwenda Sea View baada ya kazi. Nimemwambia yote. Nilidhani kusema ndilo jambo gumu. Kumbe gumu ni lile alilolitaka: nimsomee ile sentensi. Nikasoma. Akasema rudia. Nikarudia.

Bibi Clotilda kaacha kukuna nazi. Mzee kaniuliza, "Wewe ulidhani siwezi?" Nikasema ndiyo. Singeweza kumdanganya tena. Nikasema nilitaka kukusaidia. Kasema anajua. Na kwamba angependelea ningemwuliza.

Hakupandisha sauti. Heri angenitukana.

Bibi Clotilda ndiye aliyevuta bati la biskuti uvunguni. Ndani, chini ya picha na cheti cha ndoa, kuna karatasi ya kampuni ya karanga, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Jina lake. Dereva wa trekta, daraja la kwanza. Mwaka 1950. Leseni ya polisi hakuwahi kuwa nayo, hakuna aliyemdai. Lakini akipelekwa kwenye mtihani anasema atapita, nami naamini. Nikasema nipe niipeleke kwa Meneja Mkuu, karudi leo.

Kasema hapana. "Safari hii nitasema mwenyewe."

Jumatano, 24 Mei

Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa Meneja Mkuu, kwenye daftari la hati mkato. Mzee Ignasi yuko kando yangu, koti kalifunga vifungo vyote na joto hili. Mimi nina barua yangu: nilichoandika tarehe 15 si kweli, sikumpima mtu huyu wala sikumuuliza, naomba apelekwe kwenye mtihani wa leseni kabla ya uamuzi wowote. Nimeitia saini. Baada ya hii sitachagua tena hata wembe wa ofisi. Na iwe hivyo.

Hamis kapita. Kasimama, kamwamkia Mzee shikamoo, kataka kusema kitu, kaenda zake. Mkewe kesho anakwenda kliniki. Sijui nani ataniombea radhi kwake.

Saa nne na nusu. Bado.

Katibu katoka. Kasema Mkuu ana dakika tano, aingie mmoja tu. Tumesimama wote wawili.

Nimekaa. Barua nimempa Mzee, kaiweka nyuma ya karatasi yake, siyo mbele. Ameingia.

Mlango haukufunga vizuri. Namsikia Meneja Mkuu: karibu Mzee, karibu, kaa. Kiti kinaburuzwa. Karatasi zinafunuliwa. Anasoma. Yaelekea anasoma polepole. Halafu anauliza, kwa upole kabisa, samahani, hili jina hapa ni la nani?

Miaka minne anamkatia majani chini ya dirisha.

Sasa Mzee anakohoa kidogo, anaanza —