Si Jicho la Kwamboka

Ikonge, Jumanne, Oktoba 1972

Ukungu umekaa mpaka saa nne, nami nimeamka na hasira ambayo hadi sasa haijashuka.

Leo maua mengine kumi na mawili yako chini. Yanachanua vizuri, meupe, kisha kikonyo kinageuka manjano na ua linadondoka kabla ya kufunga tunda. Huu ni mwezi wa pili. Majani yenyewe yamenona, kila apitaye anayasifu. Pilipili hakuna.

Nimepanda kwenye madebe kwa sababu sina pengine. Baba Moraa, mume wangu, amepanda chai mpaka karibu na kizingiti. Shamba ni lake, chai ni yake, na mimi nina madebe saba yaliyotoboka.

Mama mkwe ameshapata jibu. Kwamboka, mjane jirani yetu, hupita hapa kila asubuhi akienda chemchemi, na husimama kidogo kutazama mimea yangu. Basi ni jicho lake. Mchana huu mama amesema mbele ya wote: "Mama Moraa, wewe unamchekea, na yeye anakumaliza kwa macho. Kesho njia hiyo inafungwa kwa miiba." Baba Moraa akanyamaza, yaani amekubali.

Najua kinachofuata miiba. Wanawake wataanza kufunika watoto wao Kwamboka akitokea. Hata kanisani ataachiwa benchi peke yake. Jina la namna hiyo likikuganda halibanduki.

Na mimi pia nilinyamaza. Acha niandike hivyo hivyo.

Alasiri nimeenda kuyakagua madebe moja moja. Sita ni majani matupu. La saba, lililo ukingoni mwa njia, ambalo Kwamboka hulipitia karibu kabisa, lina mmea mfupi wa majani membamba. Na pilipili tano.

Kama ni jicho, si lingeanza na hilo?

Hapo nikakumbuka, na nikaona aibu. Mara mbili nimeiba mbolea ya chai kwenye gunia la baba Moraa, konzi moja kwa kila debe. Mara zote mbili nilipomaliza la sita nilimsikia akikohoa njiani, nikakimbia. La saba halijaonja kitu. Mbolea ile ni ya kunenepesha majani, maana chai ni majani. Niliyalisha majani, yakashiba, na maua yakaanguka.

Mchawi hayupo. Mwizi ni mimi.

Nimekwisha kupunguza udongo wa madebe yote sita hadi nusu na kujaza wa mgombani. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Mwaka jana shemeji yangu alichota kopo moja tu la mbolea hiyo, na mpaka leo baba Moraa hajamsemesha. Mimi ni mke, naweza kuambiwa nifunge nguo nirudi kwetu Nyamache.

Naogopa. Lakini siwezi kula pilipili iliyolipiwa kwa jina la mtu.

Kesho nitatangulia kuamka kabla panga la kukatia miiba halijanolewa. Nitasimama katikati ya njia ile niseme kwa sauti, mama asikie, baba Moraa asikie, na Kwamboka asikie akiwa na mtungi wake kichwani, kwamba mbolea niliiba mimi.

Na kama bado wanataka kufunga njia, waanze na mimi.