Mkia wa Yai

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wananchi wote wafahamishwe: leo saa tatu asubuhi mchoro wangu umefutwa vumbi. Hakuna aliyejeruhiwa.

Unaning'inia kwenye korido ya idara ya uhandisi tangu 1994. Unaonyesha maji yakipita kando ya umbo kama yai — maji ya kufikirika, yasiyonata, yasiyochoka. Hatukuwa na kompyuta. Mimi na Namalwa, mwanafunzi mwenzangu, kila mmoja alichora wake, mstari kwa mstari kwa mkono, meza moja, kifutio kimoja. Na nywele nilikuwa nazo!

Aliyefuta ni Ivyne, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Anarudia hesabu zangu kwa kompyuta, ndio mradi wake wa mwisho. Nikavimba kwa fahari kama andazi.

Jumatano, 10 Septemba

Ivyne ofisini, macho mekundu. "Dok, hii yai yangu imekataa kufunga. Mkia inabaki wazi tu. Na namba ni zako, zile zile!"

Nikamwambia akague programu yake tena. Anawasilisha kesho kutwa.

Nyumbani, mke wangu akauliza mbona sili. Nikasema ugali ni mgumu. Ulikuwa wali.

Alhamisi, 11 Septemba

Amefuta programu yote, anaanza upya. Anasema pengine uhandisi si wake, heri akauze mboga na mamake sokoni Kangemi. Anasema akicheka — kicheko gani kile!

Nikautoa mchoro ukutani. Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kuandika hata humu.

Umbo hufunga tu ikiwa maji yanayomwagwa ndani yake yanalingana na yanayonyonywa. Namba zetu hazikulingana, tulikosea kujumlisha. Mkia uliachama upana wa njiti ya kiberiti. Asubuhi ya kuwasilisha Namalwa akainama juu ya karatasi yangu: "Wachira wewe, umeacha mlango wazi, maji yataingia." Nikaufunga kwa penseli. Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

Yeye alirudia hesabu zake zote. Akachelewa siku tatu, akakatwa alama. Mzee Hezekiah, mwalimu wetu, akautundika wangu. Nafasi ya kufundisha ilikuwa moja, nikaipata mimi.

Ivyne akaupeleka mchoro dirishani, akapitisha kidole mkiani. Programu yake haikuwa na kosa lolote — hilo alilielewa kwanza.

Halafu, polepole: "Na huyo Namalwa, Dok... ulishawahi kumwomba msamaha?"

Namba yake ya simu ninayo; sijawahi kuipiga. Mchoro uko hapa mezani, ukutani pamebaki alama yake ya pembe nne, safi.