Mtani, Katibu Hakucheka

Mtani wangu Valentini,

Ni mimi yule yule Mnyamwezi wako, fundi cherehani wa Mkuyuni, mtu aliyefika Mombasa na Kigoma, aliyeishia darasa la nne kwa sababu walimu walichoka, si mimi. Nakuandikia kwa kuwa huku juu ya udongo hakuna tena wa kuongea naye habari za wafalme.

Lile buku la picha ulilopewa na padri ulipokuwa mpishi wa misheni ninalo. Mama yako alinipa baada ya arobaini, akasema nilichukue lisije likaliwa na mchwa. Kila Jumapili nafungua pale petu, pale mfalme wa Wafaransa anapoamka. Unakumbuka tulivyobishana? Mabwana wakubwa wenye majumba yao wamejipanga chumbani, mmoja kashika shati, mwingine kashika mshumaa, na huyo wa mshumaa wenzake wanamwonea wivu. Nikasema mimi nisingemshikia mwanamume mwenzangu mshumaa hata kwa shamba la karafuu. Ukasema ningeushika, tena ningejitangaza hadi Matombo. Na ile habari ya vigoda: mke wa bwana akiruhusiwa kukaa mbele ya malkia, ukoo mzima unafanya sherehe. Mama yako akadakia kutoka jikoni kwamba watu hao walikuwa na njaa ya viti.

Mimi nilimpenda mchekeshaji. Mtu mwenye kofia ya njuga, anamwambia mfalme maneno ambayo waziri angeyasema angekatwa kichwa. Nikakuambia huyo ni mtani kabisa, kumbe Wazungu nao walikuwa na utani. Ukafunga buku taratibu.

"Mtani, yule aliishi kwa sababu mfalme alicheka. Kabla hujamtania mtu, kwanza mtazame usoni."

Siku ya kukuzika nikafanya kazi yangu kama mtani anavyotakiwa. Nikavaa koti lako, nikaiga unavyokohoa, nikaingia kaburini nikalala, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Dada zako walicheka huku machozi yanawatoka. Katibu wa kijiji naye alikuwepo, yule mgeni aliyeletwa kuwahamishia watu wa mlimani kijiji kipya cha bondeni, kando ya barabara. Nikamwita kutoka shimoni: "Katibu, Valentini kakataa kijiji chako. Kajikatia kiwanja mwenyewe huku mlimani. Njoo umhamishe."

Watu wakacheka. Halafu, mmoja mmoja, wakaacha. Kwao Katibu ni mbali, hana utani na Mluguru kama wewe wala na Mnyamwezi kama mimi. Na mimi nilikuwa shimoni, uso wake sikuuona.

Hajanigombeza, mtani. Ananipita kama nguzo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wafaransa wetu: mfalme akiacha kukuona, kesho yake hata mbwa wake hakuoni. Duka la ushirika, sukari inaisha nikifika mimi. Wateja wanakuja kuchukua nguo ambazo sijamaliza kushona, wanasema haidhuru, watavaa hivyo hivyo. Nawachekesha, wao wanatazama barabarani.

Hayo ningeyabeba. Lakini jana nilipanda Kinole kumsalimia mama yako. Nikatoa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akanionyesha mlango. Umepigwa alama ya chokaa. Nikazunguka mlima nyumba hadi nyumba. Hakuna mlango mwingine wenye alama. Mgambo wamemwambia lori linakuja Jumatatu, na paa litang'olewa kwanza ili asirudi. Anauliza kaburi lako atalifagia nani.

Hakunilaumu. Alinipa ndizi. Mimi ninayekula hadi msibani, zile nilimwachia kizingitini.

Kesho naenda ofisini. Nitavua kofia, sitachekesha mtu. Nitamwambia maneno yalikuwa yangu, yalitoka kinywani mwangu, mama wa watu hakujua hata nitasema nini. Huku wananiambia anayeingia mle kwa miguu hutolewa kwa gari. Mimi gari silikatai, ila napenda kujua linakokwenda.

Nakuahidi hivi. Wakiniachia, Jumatatu lori litanikuta nimekaa kizingitini kwa mama, na paa wataling'oa juu ya kichwa changu. Wasiponiachia, cherehani nimeshampelekea dada yako mkubwa, na amekubali kumchukua mama kwake. Mama hatalala nje.

Lala, mtani wangu. Mkeka wangu huko usiutandike bado.

Mnyamwezi wako