Simu Yangu Iliyokuwa Ikiitwa Mama Editha

Jumamosi, usiku. Njombe, Mjimwema.

Ukungu umeshuka tangu saa kumi na haujaondoka. Sketi ya shule niliyoifua asubuhi bado iko kwenye kamba, nzito vilevile kama nilivyoianika. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, miguu karibu na jiko la mkaa, nimevaa sweta mbili, moja yangu na moja ya Mama.

Nimepumua.

Wiki hii yote nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi mdomoni, naogopa hata kugeuka. Leo nimeitua. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, shajara yangu, maana nikianzia katikati hata mimi nitapotea.

Nyumbani kwetu kuna ruta. Ni kile kisanduku cheupe chenye taa za kijani, kimewekwa juu ya kabati la vyombo na kufunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba nacho kinasikia baridi. Kilikuja baada ya Baba kuhamishiwa Makambako, kwenye ghala la mbao. Huko anakaa siku za kazi, anarudi Jumamosi. Watu wengine huweka mtandao nyumbani kwa ajili ya filamu. Sisi tuliwekewa kwa ajili ya sala.

Sijui kwa wenzangu ikoje, ila kwetu sala ya jioni hailali. Baba ndiye anayeiongoza, na alipohama alisema yeye anahama, sala haihami. Kwa hiyo kila siku saa mbili usiku anapiga simu ya video kwenye simu ya Mama. Mama anaiegemeza kwenye chupa ya chai, sisi tunakaa kwenye kochi mstari mmoja, Baba anatokea na koti lake. Anaanza na "kamwene", salamu ya Kibena, kisha anaendelea kwa Kiswahili, anasoma mistari yake, anawaombea hadi majirani ambao hawatusalimii. Halafu Amina.

Mtandao ukishaingia ndani haubaki kwenye sala tu. Mdogo wangu Gasto, wa darasa la sita, aliujua utamu wake kuliko sisi wote. Akaanza kukesha na tableti chini ya blanketi, akaanza kusinzia darasani, mwalimu akamwita Mama, Mama akamwambia Baba.

Jumapili iliyopita, kabla ya kurudi Makambako kesho yake alfajiri, Baba akatangaza sheria. Vifaa vya watoto vitafungwa saa mbili kamili usiku hadi kesho yake baada ya shule. Vya wakubwa vitabaki wazi.

Mwenzake wa kazini alikuwa amemwelekeza. Ukiwa nyumbani, unafungua programu ya ruta kwenye simu, unaona majina ya vifaa vyote vilivyounganishwa, unagusa kimoja, unakipangia saa zake. Kingine hakiguswi. Tatizo ni kwamba maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na Baba hapendi kugusa kitu asichokielewa. Akaniita nisimame nyuma ya kiti chake nimtafsirie.

Yalikuwepo majina manne. Baba Editha, ambayo ni yake. Mama Editha. Tableti ya Gasto. Na cha nne hakikuwa na jina, kilikuwa na herufi na namba zisizotamkika.

"Hii ya namba ndiyo ya Editha," akasema. Akaipangia.

Haikuwa yangu.

Kwetu simu zinarithiwa kama masweta. Mama alipopata simu mpya, ile ya zamani ikawa yangu, pamoja na kava lake la maua na ufa wake wa pembeni. Kumbe na jina lake lilibaki humo ndani. Mimi sikujua hata kama simu ina jina. Kwa hiyo kwenye ile programu, Mama Editha nilikuwa mimi. Na ile ya namba ilikuwa simu mpya ya Mama, ambayo hakuna aliyekumbuka kuibatiza.

Niliona. Nilielewa palepale. Nikafungua mdomo, na Baba akaniuliza lile neno la mwisho pale chini maana yake nini. Nikamwambia ni kuhifadhi. Akahifadhi.

Sikudanganya. Nilitafsiri kila neno sawasawa. Kilichonishinda ni sentensi moja ya Kiswahili.

Wanaonijua watasema ni kawaida yangu. Shuleni nikijua jibu naliacha lipite hadi mtu mwingine aliseme, halafu nafurahi kimoyomoyo kwamba lilikuwa sahihi. Lakini safari hii haikuwa aibu peke yake, na hapa ndipo panaponiuma. Saa ile baada ya sala ndiyo saa yangu ya kuandika hapa, kwenye shajara hii ya mtandaoni nisimoweka jina langu. Nyumbani hakuna anayejua. Nikimwambia Baba simu ile ni yangu, ataifunga, na nikitaka asiifunge itabidi niseme huwa naifanyia nini.

Nikanyamaza. Nikajiambia Jumatatu Mama mwenyewe atagundua.

Hakugundua.

Jumatatu saa mbili tukakaa kwenye kochi. Simu ikaegemezwa kwenye chupa. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, Baba hakutokea. Mwishowe akapiga simu ya kawaida, akalaumu mtandao wa Makambako, Mama akalaumu mvua, na salio likaisha kabla ya Amina. Gasto akasema basi leo Mungu ametusamehe, akaenda kulala. Yeye ndiye pekee ambaye sheria ilimpata kwa haki, na alikuwa anaiomboleza.

Unaona ilivyokuwa? Baba alijifungia nje ya nyumba yake mwenyewe, na funguo nilikuwa nazo mimi kwenye mfuko wa sweta. Kikundi cha darasa letu kilikuwa kinatuma ujumbe mfululizo, simu inatetema kwenye ubavu wangu, hai kabisa. Nikaikalia.

Usiku ule sikuandika kitu. Nilikuwa na saa yangu yote na sikuandika hata mstari.

Jumanne ikawa vilevile, ila Mama hakukubali kukaa. Alivaa koti la zamani la Baba, akajifunga kitenge kichwani, akatoka uwanjani na simu ameinyanyua juu, anatafuta mtandao kwenye ukungu. Nilimwona kupitia dirishani. Anasogea hadi kwenye mti wa parachichi, anasimama, anaitazama simu, anarudi hadi kwenye karo, anainyanyua tena. Nikakumbuka Jumapili amechelewa kulala akimpigia Baba pasi mashati yake ya wiki nzima. Yeye hana mambo mengi ya kufanya na mtandao. Ana sura moja tu anayoitaka.

Nikatoka bila viatu.

"Mama, siyo mtandao. Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi ndiyo Mama Editha."

Akaniangalia kama anayefikiria kunipima homa. Ikabidi nieleze, na mimi kueleza najikanyaga, nikaanzia mwisho, nikarudi mwanzo, nikataja kava la maua. Alipoelewa, akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mlango, koti la Baba limemfunika hadi magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa kicheko.

Kisha akampigia Baba kwa simu ya kawaida. "Baba Editha, mkeo umemfungia saa mbili kama mtoto wa shule. Mtoto umemwachia wazi."

 Halafu nikasikia sauti yake, ndogo: "Sawa. Jumamosi nakuja."

Tangu siku hiyo tulisali kwa simu yangu. Nilikuwa naiegemeza mimi kwenye chupa, na sala ikiisha naizima mbele ya Mama, bila kuambiwa. Baba hakuniuliza chochote, alisema tu "kamwene" kama kawaida, akaombea majirani. Hiyo ndiyo iliyonitesa. Kama angenifokea kwenye simu ingekwisha. Jumamosi aliyoitaja ikawa inanisubiri kila kona. Darasani mwalimu wa hisabati aliandika saa za mabasi ubaoni, na mimi nikaona basi la Makambako tu.

Leo amefika mchana, ameleta mafuta ya alizeti na mkungu wa ndizi. Tukala. Baada ya kula akavaa miwani, akafuta meza kwa mkono, akasema kila mtu alete kifaa chake akiweke hapo.

Hakuniita kutafsiri. Maneno alikuwa ameshayajua, au aliyakariri njiani. Safari hii akatumia akili nyingine. Akasema, "Mama, zima waifai yako." Mama akazima, na kwenye programu, ile ya namba ikafifia. Akaiandikia jina palepale. "Gasto, zima." Tableti ikafifia. "Editha."

Nikazima. Mama Editha akafifia.

Gasto akasema, "Mama amekufa," akapigwa kofi dogo la kisogoni na Mama.

Kisha Baba akaniuliza, akiwa anaangalia simu, siyo mimi. Nadhani alifanya hivyo makusudi. "Simu ikiwa wazi baada ya sala, huwa unafanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumanne. Nilikuwa na majibu kama matatu, yote mazuri, yote ya masomo.

"Naandika," nikasema.

"Kazi za shule?"

"Hapana."

"Unamwandikia mtu?"

"Hapana, Baba. Naandika siku ilivyokuwa."

Gasto akasema, "Anatuchongea kwa watu, Baba. Mfungie."

Niliangalia meza.  Nilijua hapo ndipo saa yangu inapoondoka, na sikuwa na neno lingine la kuitetea. Shuleni naandika Kiingereza, na Kiingereza changu kina alama nzuri, lakini ni cha kujibia maswali. Siwezi kulia nacho. Hapa ndipo Kiswahili changu kinapokaa.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa anakusanya sahani, hata hakusimama.

"Baba Editha, huyu mtoto hasemi. Ukimfungia na huko, atasemea wapi?"

 Baba akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Na mimi umeniandika?"

"Umo."

"Nimefanyaje?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema kweli. "Ukimaliza Amina huwa unasahau kukata simu. Unaiweka kitandani, sisi tunaendelea kukuona. Unakula umesimama. Mama hakati mpaka umalize kula."

 Mama alikuwa amesimama na sahani zake mlangoni, amenipa mgongo. Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaiangalia kwenye mwanga, akaifuta tena. Sikujua kama nimekosea. Mpaka sasa sijui kama hilo ni jambo la kumwambia mtu mzima mbele ya mwanawe mdogo.

"Basi nitakuwa nakaa," akasema.

Akavaa miwani. Akaipangia simu yangu ifungwe saa tatu na nusu badala ya saa mbili, siku zote, hata za shule. Gasto akalalamika kwamba hiyo siyo haki, na yeye ataanza kuandika. Baba akamwambia aandike kwenye daftari, daftari halina ratiba. Kwangu akasema jambo moja tu: hataomba kusoma.

Nilisikia kitu kikifunguka hapa chini ya shingo. Kwa wiki nzima sikujua kama kilikuwa kimefungwa.

Kisha akanisogezea simu yake mezani. "Jina badilisha wewe."

Nimeandika sentensi nyingi hapa na zote nilizifuta mara mbili tatu kabla ya kuziacha. Hii haikuhitaji hata kuandika. Lilikuwa jina la Mama, lakini nusu yake ilikuwa yangu tangu zamani. Nilifuta neno moja la mbele, kilichobaki nikakihifadhi.

Jioni hii tumesali wote sebuleni, Baba yupo mwenyewe, hakuna aliyeegemezwa kwenye chupa ya chai. Alipomaliza Amina tulibaki tumekaa kidogo, mazoea, tukisubiri mtu akate. Mama ndiye aliyeanza kucheka.

Sasa nawasikia wanazungumza upande wa pili wa ukuta. Gasto amelala, au anajifanya. Nimeangalia saa, na ruta itanifungia muda si mrefu, na kwa mara ya kwanza sina haraka ya kuiwahi. Saa hii haikuibwa. Ikiisha, imeisha, kesho nitapewa nyingine.

Nimeandika hapa muda mrefu bila kuweka jina. Niliogopa mtu asije akanijua. Lakini leo limeshatajwa mezani, liko kwenye ruta, na hakuna kilichobomoka.

Mimi naitwa Editha.